Maswali ya Wasomaji: Jumba la Makumbusho ya Visu la Thiers

Katika toleo lililopita tulichapisha makala fupi kuhusu Jumba la Makumbusho ya Visu lililopo Thiers, mji mdogo uliojengwa kwenye mteremko wa mlima katika mkoa wa Puy-de-Dôme, katikati ya Ufaransa. Jumba hilo lilianzishwa mwaka 1982 katika nyumba za kale za mtaa uitwao Rue de la Coutellerie, yaani Mtaa wa Ufundi wa Visu, na kazi yake ni kuhifadhi na kueleza ufundi ambao umeulisha mji huo tangu mwishoni mwa Enzi za Kati. Barua zilizotufikia baada ya makala hiyo zimetufurahisha, kwa sababu waandishi wake hawakutosheka na uzuri wa visu vilivyo kwenye makabati ya vioo. Walitaka kujua vilitengenezwaje na ni akina nani walivitengeneza. Tumechagua saba, na zile zilizouliza jambo moja tumeziunganisha.

Swali: Ndugu Mhariri, mlieleza kwamba Thiers hakuna machimbo ya chuma. Hapo nilikwama. Inakuwaje mji usio na chuma uwe ndio mji wa visu? Na je, ni kweli kwamba ufundi huo uliletwa kutoka Mashariki na Wanajeshi wa Msalaba?

Jibu: Nianze na hilo la pili, kwa kuwa jibu lake ni fupi. Hekaya ya Wanajeshi wa Msalaba ni ya kale na watu wa Thiers wanaipenda: inasemwa kwamba mabwana wa mji huo walikwenda vitani katika nchi za Mashariki, wakaona jinsi wahunzi wa huko walivyofua feleji, yaani chuma kigumu cha kutengenezea visu, wakarudi na siri hiyo nyumbani. Isimuliwe kama hekaya. Ushahidi ulio imara juu ya wahunzi wa visu wa Thiers unaanza baadaye sana, katika karne ya 15, na hauhitaji safari ya mbali kueleza chanzo chake.

Chanzo chake ni maji. Chini ya mji unapita mto uitwao Durolle, ambao si mkubwa, lakini unashuka kwa kasi katika korongo jembamba lenye miamba, na kila unaposhuka hatua chache unatoa nguvu ya kuzungusha gurudumu jingine. Mafundi walijenga mabwawa madogo, moja chini ya jingine, na maji yale yale yaliyozungusha gurudumu la huyu yakaendelea kushuka kuzungusha la yule. Wahunzi wa visu hawakuwa peke yao kandokando ya mto huo. Palikuwa pia na wasagaji wa nafaka, watengenezaji wa karatasi na watengenezaji wa ngozi, ambao wote walitegemea mkondo uleule.

Sasa linganisha vitu vinavyohitajika. Feleji inaweza kubebwa kwa wanyama wa mizigo kutoka mikoa mingine, na ndivyo ilivyofanyika. Hata mawe ya kunolea yaliletwa kutoka mbali, kwa sababu miamba ya Thiers ni matale, ilhali gurudumu la kunolea linahitaji jiwe la mchanga, ambalo punje zake hung'oka taratibu na kuacha nyingine mpya zenye makali. Gharama ya kuleta feleji ilivumilika kwa kuwa kisu ni kitu kidogo, chepesi, na thamani yake inatokana zaidi na kazi ya mikono kuliko na uzito wa chuma chake. Maji yanayoporomoka ndicho kitu pekee ambacho hakuna aliyeweza kukipakia juu ya nyumbu. Kwa hiyo chuma kiliufuata mto, na jiwe pia likaufuata mto.

Nguvu ya pili ilikuwa watu wenyewe. Mashamba ya milimani yalikuwa madogo, udongo wake haukuwa na rutuba nyingi, na majira ya baridi yalikuwa marefu. Familia nyingi zilizoishi juu ya bonde zililima wakati wa kulima na kunoa mabapa ya visu wakati mwingine. Kufikia mwaka 1582 kazi hiyo ilikuwa imekua kiasi kwamba mafundi walipata kanuni rasmi za chama chao, zilizoeleza nani anaweza kuitwa fundi mkuu, na namna gani kila mmoja awe na alama yake ya kupiga kwenye bapa. Alama hizo zilipigwa pia kwenye bamba la madini lililotunzwa ili anayeiba alama ya mwenzake aweze kubainika. Vyama vya namna hiyo vilifutwa nchini Ufaransa mwaka 1791 wakati wa Mapinduzi, lakini desturi ya alama haikufa, na ukitazama kisu cha kale kilichotoka Thiers, jambo la kwanza la kutafuta ni hiyo alama ndogo karibu na shina la bapa.

Swali: Mheshimiwa Mhariri, nimeona picha ya zamani ya watu waliolala kifudifudi juu ya mbao, nyuso zao zikiwa karibu kabisa na magurudumu ya jiwe, na juu ya miguu ya mmoja wao amelala mbwa. Mwenzangu anasema picha hiyo ilipangwa kwa ajili ya kuwachekesha watalii. Mimi naamini ni ya kweli. Nani kati yetu yuko sahihi?

Jibu: Wewe uko sahihi, na ninashukuru kwamba umeuliza, kwa sababu kwa maoni yangu hakuna kitu katika jumba lile kinachostahili kutazamwa kwa muda mrefu zaidi kuliko kisa cha hao wanoaji.

Huenda picha uliyoiona ni moja ya postikadi za mwanzoni mwa karne ya 20, na inawezekana kabisa kwamba mpiga picha aliwaomba watulie wakati akipiga, kwa kuwa kamera za wakati huo zilidai utulivu. Lakini mkao wenyewe ulikuwa mkao wa kazi. Mnoaji wa Thiers alilala kifudifudi juu ya ubao ulioinama kidogo, kifua chake kikiwa juu ya gurudumu la jiwe lililozunguka chini yake, akashika bapa kwa mikono miwili na kulikandamiza kwenye jiwe. Alilala hivyo tangu asubuhi hadi jioni, siku baada ya siku, kwa miaka yote ya uhai wake wa kazi.

Wengi huuliza kwa nini asikae tu kwenye kiti. Sababu ya kwanza ni ujenzi wa karakana. Gurudumu la maji lilikuwa chini, mtoni, na mhimili wake uliingia ndani ya jengo karibu na sakafu, kwa hiyo mawe ya kunolea yaliwekwa chini, ndani ya mahandaki membamba. Sababu ya pili ni nguvu: aliyelala hutumia uzito wa mabega na kifua chake kukandamiza, na hahitaji kutegemea misuli ya mikono peke yake. Ya tatu ni macho. Unoaji wa bapa ni kazi ya kuondoa unene mdogo sana kwa usawa kutoka upande huu na upande ule, na mtu aliyelala anaona mstari wa makali ukiwa umbali wa kiganja kutoka usoni pake. Aliyesimama au kuinama siku nzima angeumia mgongo, na wao walijua hivyo. Sheffield, mji wa visu wa Uingereza, wanoaji walikalia kitu kilichofanana na tandiko la farasi, Thiers walilala. Kila mji ulitafuta namna yake ya kuutoa mwili sadaka kwa kiasi kidogo iwezekanavyo.

Sasa mbwa. Mtu aliyelala bila kusogea ndani ya jengo lililo juu ya mto, huku maji yakidondoka kwenye jiwe na kurukia nguo zake, hupata baridi kali, na miguu ndiyo huanza kufa ganzi kwa kuwa haifanyi kazi yoyote. Mbwa alifundishwa kupanda na kulala juu ya miguu ya bwana wake ili ampe joto. Karakana moja iliweza kuwa na wanoaji kadhaa waliolala kwa safu, na mbwa kadhaa juu yao. Watalii walikuja baadaye kuvutiwa na jambo ambalo kwa wanoaji lilikuwa hitaji la kila siku.

Maji hayo yaliyowaletea baridi ndiyo pia yaliyowalinda kwa kiasi fulani. Bapa linapofika kwenye gurudumu huwa tayari limekwisha kupata ugumu wake motoni, na likipata joto kupita kiasi kwa msuguano, makali hubadilika rangi na kulegea, na kazi yote ya mhunzi hupotea. Maji hulipoza. Vilevile hulifanya vumbi la jiwe kuwa tope badala ya kuruka hewani. Tope hilo la manjano liliganda kwenye nguo za wanoaji sehemu ya mbele, ndiyo maana waliitwa kwa Kifaransa ventres jaunes, yaani matumbo ya manjano. Mahali ambapo kunoa kulifanyika pakavu, kama ilivyokuwa kwa wanoaji wa uma huko Sheffield, vumbi la jiwe na chuma liliingia mapafuni na kuwaua watu wakiwa bado vijana, na madaktari wa mji huo waliandika juu ya maafa hayo tangu karne ya 19. Maji hayakuondoa hatari yote. Jiwe jipya lilipaswa kuchongwa mpaka liwe duara kamili, na hapo vumbi lilitoka. Tena jiwe lenye ufa usioonekana lingeweza kupasuka likiwa katika mwendo, na aliyelala juu yake hakuwa na pa kukimbilia.

Ukitaka kuelewa jambo hili vizuri, usiishie mjini. Sehemu ya juu ya mto Durolle ipo Vallée des Rouets, yaani Bonde la Magurudumu, ambako karakana ya Lyonnet, iliyofanya kazi kwa nguvu ya maji hadi mwaka 1976, imehifadhiwa pamoja na mbao na mawe yake. Mwaka 1976 si zamani. Wapo wasomaji wetu ambao walikuwa shuleni wakati ule.

Swali: Mimi ni mwanafunzi wa ufundi wa chuma. Katika makala yenu mlitumia neno "fundi wa visu" kana kwamba mtu mmoja alikitengeneza kisu kuanzia mwanzo hadi mwisho. Je, ndivyo ilivyokuwa?

Jibu: Hapana, kijana wangu, na umetusahihisha kwa haki. Palikuwa na mafundi wachache wenye uwezo wa kufanya kila hatua, lakini nguvu ya Thiers ilitokana na kugawana kazi. Kisu kimoja cha kukunja kilipita katika mikono mingi kabla ya kufungwa kwenye karatasi, na mara nyingi mikono hiyo haikuwa chini ya paa moja.

Kwanza palikuwa na mwenye nyundo ya maji, ambaye alinyoosha feleji nene kuwa fito za unene unaofaa. Nyundo hiyo kubwa iliinuliwa na meno yaliyofungwa kwenye mhimili wa gurudumu la maji, kisha ikaangushwa kwa uzito wake. Fito zilikwenda kwa mhunzi, aliyezifua kwenye fuawe zikapata umbo la bapa. Baada yake alikuja wa tupa, aliyesawazisha shina la bapa na springi, kile chuma cha mgongoni mwa kisu kinacholishikilia bapa. Akaja wa kutoboa matundu ya ribiti, yaani vijiti vya chuma vinavyounganisha vipande vya kisu. Akaja aliyetia ugumu. Huyu wa mwisho alikuwa na kazi ya muda mfupi ambayo ikiharibika huharibu zote zilizotangulia. Wewe unajua kutoka karakana yenu kwamba feleji yenye kaboni hupashwa moto mpaka ifikie takriban nyuzi 800 za Selsiasi, kisha huchovywa ghafla katika maji au mafuta, na hapo huwa ngumu lakini hafifu kama kioo. Ndipo hupashwa tena kwa joto dogo, kati ya nyuzi 200 na 300 hivi, ili irudishiwe uvumilivu. Kabla ya vipimo vya kisasa, fundi aliongozwa na rangi inayojitokeza juu ya chuma kilichong'arishwa: manjano hafifu kwa bapa linalotakiwa kuwa gumu, buluu kwa springi inayotakiwa kupinda na kurudi. Ndani ya kisu kimoja cha kukunja, kwa hiyo, mna vipande viwili vya feleji vilivyotendewa kwa namna mbili tofauti.

Baada ya hapo bapa lilishuka mtoni kwa mnoaji, likapanda kwa mng'arishaji, na wakati huohuo mtu mwingine alikuwa akikata mipini kutoka kwenye pembe, mfupa au mti. Mwisho kabisa vipande vyote vilifika kwa muunganishaji, ambaye mara nyingi alifanya kazi nyumbani kwake, dirishani penye mwanga, akivipanga, akivitia ribiti na kuhakikisha kisu kinafunguka na kufungika bila kukwaruza. Wanawake walikuwa wengi katika kung'arisha, na wao ndio waliopangusa visu vilivyokamilika, kuvikagua na kuvifunga kwa ajili ya safari. Majina yao hayamo kwenye mabapa. Alama iliyopigwa kwenye chuma ni ya mfanyabiashara au mwenye karakana aliyegawa kazi na kulipa kila hatua.

Ndiyo maana napenda namna jumba la Thiers linavyojieleza kwa kazi na zana badala ya kujivunia vito. Visu vya kifahari vimo, vyenye mipini ya pembe za ndovu na magamba ya kasa, na ni vizuri kuvitazama. Hata hivyo, kwa mwanafunzi kama wewe, saa moja mbele ya fundi anayeunganisha kisu, kwani wapo mafundi wanaofanya kazi mbele ya wageni, ni bora kuliko saa mbili mbele ya makabati. Msikilize anavyogonga ribiti: nyundo ndogo, mapigo mengi mepesi, na baada ya kila mapigo machache anafungua na kufunga kisu ili asikie kama kimekaza kupita kiasi.

Swali: Ndugu Mhariri, marehemu mume wangu aliniachia kisu cha kukunja kilichoandikwa Laguiole, chenye mdudu mdogo aliyechongwa juu ya springi. Jirani aliyewahi kuishi Ufaransa ameniambia kuwa kama kimetengenezwa Thiers basi ni cha bandia, kwa sababu Laguiole ni kijiji kingine. Nimesikitika. Je, anasema kweli?

Jibu: Mama, usisikitike. Jirani yako amesema jambo moja la kweli, akalifikia hitimisho lisilo sahihi.

Ni kweli kwamba Laguiole ni kijiji cha mkoa wa Aveyron, kusini ya Thiers, na kwamba kisu chenye umbo hilo jembamba lililopinda kama kiuno kilizaliwa huko katika karne ya 19. Lakini kadiri kisu hicho kilivyopendwa, karakana chache za kijijini hazikuweza kutosheleza wanunuzi, na Thiers, ambayo ilikuwa na mito, mikono na zana, ikaanza kukitengeneza kwa wingi tangu kabla ya karne ya 19 kwisha. Katika sehemu kubwa ya karne ya 20 kijiji chenyewe karibu kiliacha kabisa kazi hiyo, mpaka ilipofufuliwa huko mwaka 1987. Maana yake ni kwamba Laguiole iliyotengenezwa Thiers ni kisu cha Kifaransa chenye ukoo wa zaidi ya miaka mia, na huenda bila Thiers umbo hilo lingekuwa limesahaulika.

Tatizo la kweli ni jingine. Jina Laguiole lilitumiwa kwa miaka mingi na watu wa kila namna, na visu vya bei ya chini vilivyotengenezwa mbali na Ufaransa vilipigwa jina hilo na kuuzwa kwa watalii. Jina peke yake, kwa hiyo, halithibitishi kitu, wala mdudu hathibitishi kitu. Watu husema ni nyuki aliyetolewa na Napoleon kwa heshima ya wanakijiji, na hicho ni kisa kitamu kisicho na ushahidi. Mafundi wenyewe huiita sehemu ile ya springi mouche, yaani inzi, awe amechongwa nyuki, ua au asichongwe chochote.

Kikague hivi. Kifungue kikiwa mbele ya dirisha, utazame mstari ambapo springi inakutana na bapa na vibao vya mpini: kazi nzuri haipitishi mwanga. Kifunge, utazame kutoka juu: bapa linapaswa kulala katikati bila kugusa upande wowote. Tafuta alama ya mtengenezaji kwenye shina la bapa. Na jambo moja la matunzo, ambalo wengi hawaambiwi: usiache bapa lijifunge kwa kishindo. Katika visu vingi vya namna hiyo makali yanaweza kugonga springi na kupata pengo, kwa hiyo lisindikize kwa vidole mpaka litulie.

Swali: Je, jumba hilo linafaa kwa watoto wa umri wa miaka saba na tisa? Ninaishi Ufaransa kwa masomo na ningependa kuwapeleka.

Jibu: Linafaa. Moto na kelele ya nyundo vitawashika kuliko makabati, kwa hiyo uliza kwanza saa za maonyesho ya kufua chuma. Vallée des Rouets haiwi wazi mwaka mzima. Panga safari katika miezi ya joto, na uwavalishe viatu vya kutembelea njia ya mlimani.

Swali: Nimerithi visu vya mezani vya zamani, vingine vyenye mipini ya mfupa, vingine ya kitu cheupe kinachofanana na pembe za ndovu. Vilikaa pamoja kwenye sanduku moja, na sasa baadhi ya mabapa yana kutu ya ajabu, kali zaidi upande mmoja wa sanduku. Majumba ya makumbusho huzuiaje jambo hili?

Jibu: Maelezo yako ya upande mmoja wa sanduku ni ya thamani kubwa, nami nitayarudia baada ya kueleza ugumu wenyewe.

Kisu ni kitu kinachowatesa watunzaji kwa sababu kimeundwa kwa vitu viwili vinavyotaka mazingira tofauti. Feleji ya kale, iliyotengenezwa kabla ya chuma kisichoshika kutu kugunduliwa huko Sheffield na Harry Brearley mwaka 1913, inataka hewa kavu. Kadiri unyevu unavyopungua ndivyo inavyopumzika. Mfupa, pembe, mti na pembe za ndovu vinataka unyevu wa wastani, na vikikaushwa mno hunywea, hupasuka na kuachana na ribiti zake. Mtunzaji hawezi kumridhisha mmoja bila kumuudhi mwingine. Analoweza ni kuchagua unyevu wa katikati, karibu na asilimia 45 hadi 50, na zaidi ya yote kuuzuia usipande na kushuka, kwa maana mabadiliko ya mara kwa mara huumiza kuliko kiwango chenyewe. Mabapa hupakwa nta nyembamba ili hewa isiyaguse, na hushikwa kwa glavu, kwa sababu chumvi ya jasho huacha alama ya kidole ambayo baada ya wiki chache huonekana ikiwa imechorwa kwa kutu.

Sasa sanduku lako. Hiyo mipini myeupe ninaishuku kuwa ni seluloidi, aina ya plastiki ya zamani ambayo tangu mwishoni mwa karne ya 19 ilitumika sana badala ya pembe za ndovu. Seluloidi inapozeeka huanza kuoza kutoka ndani na kutoa mvuke wenye asidi ya naitriki, na mvuke huo hushambulia chuma kilicho jirani. Ndiyo sababu kutu yako ni kali upande mmoja: nadhani ndiko ilikokuwa mipini inayooza. Itazame kwa makini. Ikiwa imeanza kugeuka manjano iliyokolea, kunata, kutoa majimaji au kupasuka vipande vidogovidogo vya miraba, itenge leo hii, uiweke mahali penye kupitisha hewa, mbali na visu vingine na mbali kabisa na moto, kwa maana seluloidi hushika moto kwa urahisi sana.

Visu vilivyobaki vipanguse kwa kitambaa kikavu. Kutu ya juujuu iondoe kwa sufu laini sana ya chuma iliyotiwa mafuta mepesi, ukifuata urefu wa bapa, kisha pangusa na upake nta. Usivichemshe wala kuviloweka, kwa kuwa mipini ya kale mara nyingi ilijazwa gundi inayolainika kwa joto. Na tafadhali usivipeleke kwa mtu wa mashine vikang'arishwe mpaka viwe kama vipya. Ataondoa mikwaruzo myembamba ya jiwe la kunolea, na pengine alama ya mtengenezaji pia. Rangi ya kijivujivu iliyotulia juu ya feleji ya kale si uchafu, iache.

Swali: Mimi ni mwalimu. Nimekuwa nikijiuliza kama ufundi ukishaingia ndani ya jumba la makumbusho haujakwisha kufa. Thiers wanahifadhi nini hasa, ikiwa hakuna tena anayelala juu ya ubao?

Jibu: Mwalimu, swali lako lingekuwa na jibu la huzuni katika miji mingi, lakini Thiers ina bahati ya kuwa na jumba la makumbusho na viwanda kwa wakati mmoja. Hadi leo sehemu kubwa ya visu vinavyotengenezwa Ufaransa hutoka katika mji huo na vijiji vinavyouzunguka. Injini za umeme ziliwatoa wanoaji mtoni tangu mwanzoni mwa karne ya 20, karakana zikapanda juu karibu na barabara, na majengo mengi ya bondeni yakabaki matupu. Mojawapo, mahali paitwapo Creux de l'Enfer, yaani Shimo la Jehanamu, limekuwa kituo cha sanaa ya kisasa tangu mwaka 1988. Katika miaka ya 1990 mafundi wa mji walikubaliana kuunda kisu chenye jina la mji wao, Le Thiers, ambacho umbo lake la msingi limewekewa masharti, lakini kila fundi aliyekubaliwa anakitengeneza kwa mkono wake na kupiga alama yake. Ukifikiri, huo ni mpango unaofanana sana na ule wa mwaka 1582. Wanaojifunza kazi leo hukuta kwenye jumba maumbo, zana na mifano ya waliotangulia, na kila mwaka katika mwezi wa Mei mafundi kutoka nchi nyingi hukusanyika mjini humo kwa maonyesho yaitwayo Coutellia.

Kuhusu ubao, sitaki mtu yeyote alale tena juu yake, na sidhani kama wewe unataka. Walioifanya kazi hiyo waliondoka mara tu walipopata njia nyingine ya kuishi. Lakini maarifa waliyoyapata wakiwa wamelala pale, ya kusikia kwa kidole kwamba bapa limeanza kupata joto, ya kujua kwa mlio wa jiwe kwamba lina ufa, yalikuwa maarifa ya kweli, na hayakuandikwa na mtu kwa sababu wenyewe hawakuwa watu wa kuandika. Ukiwapeleka wanafunzi wako, au ukiwaonyesha picha tu, waombe wautazame ubao wenyewe kabla ya kutazama kisu chochote, mahali pale palipokaa kifua, wapapime kwa macho, kisha wakuambie wanadhani aliyeutumia alikuwa na urefu gani na alielemea upande upi.